TAHADHARI: Wanaobadilisha madabodi kisha kukudai hela ya "kuokoa data"

Wakuu, kuna mchezo unachezwa na baadhi ya mafundi na wauzaji wa madabodi (motherboard, ubao mkuu wa kompyuta), na wanaoumia ni watu wasiojua kilichomo ndani ya mashine zao. Unapeleka kompyuta ibadilishwe madabodi, unaahidiwa kwamba Windows na mafaili yako havitaguswa. Siku ya kuichukua unakuta skrini ya bluu inadai namba ndefu. Fundi anakwambia data "zimejifunga", kuzifungua ni kazi nyingine, ongeza hela.

Usitoe. Hiyo ni BitLocker, kifungio cha Windows kinachofunga data za diski kwa ufunguo, na kwenye mashine nyingi huwa imewashwa bila mwenyewe kujua. Ufunguo wake umefungwa na TPM (chipu ya usalama) ya mashine ilivyokuwa. Madabodi ikibadilika, TPM mpya haina ufunguo ule, ndipo Windows inapoomba ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Chukua simu yako, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey, linganisha herufi 8 za mwanzo za Key ID na zile zilizo kwenye skrini, halafu andika tarakimu. Kazi imeisha.

Anayedai anazo mbinu zake za kufungua bila ufunguo huo wala madabodi ya zamani ni mwongo. Ama atakuomba nywila ya akaunti yako akautoe humo humo (usimpe kabisa), ama atafomati diski kisha akwambie imeshindikana, na hapo ndipo mafaili yanapopotea kweli. Mashine zenye prosesa ya AMD nazo zina mtego wake: zikiwashwa baada ya mabadiliko, zinaweza kuuliza kama ufute fTPM (TPM iliyomo ndani ya prosesa), Y au N. Bonyeza N hadi ufunguo uwe mkononi mwako.

Kinga yake ni dakika chache kabla ya kukabidhi mashine. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -status C: uone kama diski imefungwa. Ikiwa imefungwa, manage-bde -protectors -get C: itakuonyesha zile tarakimu 48; ziandike kwenye karatasi. Kisha manage-bde -off C: na usubiri, maana inaweza kuchukua saa kadhaa, hadi status isome 0.0%. Ukizima katikati hujamaliza. Halafu nakili mafaili yako kwenye diski ya nje na uondoke nayo.

La pili ni leseni. Hapa fundi anaweza kuwa anasema kweli, kwa hiyo mpime. Kabla ya kazi andika slmgr /dli. Ukiona RETAIL, mara nyingi leseni ni yako na inahama: iunganishe na akaunti ya Microsoft mapema, na baada ya kubadilisha ingia sehemu ya Activation, endesha Troubleshoot, uchague kwamba umebadilisha kifaa. Hilo lipo tangu Windows 10 toleo 1607. Ukiona OEM_DM, ufunguo umeandikwa ndani ya BIOS (programu ya msingi ya kuwashia kompyuta) ya madabodi ya zamani na kwa kawaida unabaki nayo, hivyo leseni mpya ni gharama halali. Lakini akishakuuzia hiyo "mpya", rudia slmgr /dli hapo hapo mbele yake. Ikisoma VOLUME_MAK au VOLUME_KMSCLIENT kwenye kompyuta ya nyumbani, umeuziwa ufunguo wa taasisi ya watu au uamilishaji wa kuchakachua. Ule wa KMS huisha baada ya siku 180 usipohuishwa. Kagua pia orodha ya Exclusions (vitu visivyokaguliwa) kwenye Defender, kinga ya virusi ya Windows. Programu za kuchakachua hupenda kujificha humo.

"Windows imeharibika, lazima tufomati" nao ni wimbo wao. Kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE mara nyingi ni mpangilio tu wa BIOS, yaani namna inavyosoma diski: diski ilikuwa AHCI, madabodi mpya iko kwenye RAID au VMD, au kinyume chake. Mashine isipoiona Windows kabisa, huenda ilisakinishwa kwa Legacy (njia ya zamani ya kuwasha) na madabodi mpya haina CSM, sehemu inayoikubali njia hiyo. Angalia BIOS Mode kwenye msinfo32 (dirisha la taarifa za mfumo) kabla ya kubadilisha. Kama ni Legacy, mbr2gpt hugeuza diski bila kufuta data, ila nakala iwepo kwanza.

Ukinunua madabodi iliyotumika, omba picha ya karibu ya soketi, pale prosesa inapokaa. Kwenye LGA1700 (ya Intel) na AM5 (ya AMD) pini ziko kwenye madabodi yenyewe, na moja tu iliyopinda yatosha kuua nafasi ya RAM. Za laptopu zilizotoka maofisini ni hatari zaidi: zinaweza kuwa na nywila ya BIOS, au bado zimesajiliwa Autopilot (mfumo wa Microsoft wa kampuni kusimamia kompyuta zake), na siku utakaposakinisha Windows upya zitakudai uingie kwa akaunti ya kampuni usiyoijua.

Madabodi ya zamani idai, hata kama inawaka kwa kusuasua. Ikirudishwa na prosesa yake, na fTPM haijafutwa, inaweza kufungua diski ambayo kila mtu amekwambia imekufa. Na kabla hujaacha mashine, piga picha namba za utambulisho (serial number) za SSD na RAM, ujue kama zimebadilishwa.