Cinderella Is Dead: ngano iliyogeuzwa sheria

Riwaya hii ya Kalynn Bayron ilitoka mwaka 2020. Inapoanza, Cinderella ana miaka 200 kaburini, lakini ngano yake bado inatawala ufalme wa Mersailles. Kila mwaka mabinti wanalazimishwa kwenda ikulu kwenye dansi, wanaume wanawatazama mavazi na kujichagulia wake. Asiyechaguliwa hasikiki tena. Sophia, mwenye miaka 16, anampenda binti mwenzake, Erin, na hataki kwenda. Wazazi wake wanampenda, na bado wanamvalisha na kumpeleka, kwa kuwa kumficha ni kumponza. Sura hizo za nyumbani zinatisha kuliko uchawi wowote unaokuja baadaye.

Waandishi wengi wanaowarudishia vijana ngano za kale huongeza damu na msitu wa giza, kisa chenyewe wakakiacha kilivyokuwa. Bayron ameuliza swali gumu zaidi: nani alikuwa wa kwanza kusimulia, na alinufaika nini? Gauni lililokuwa zawadi sasa ni kitu cha kukaguliwa, na likiwa hafifu linaweza kumwangamiza aliyelivaa. Huo ni ufundi.

Kabla ya kuanza, soma Cinderella wa Mfaransa Charles Perrault wa mwaka 1697. Ni kurasa chache tu. Kiatu cha kioo, na boga linalogeuzwa gari la farasi, vimetoka kwake. Ukimjua yule wa ndugu Grimm wa Ujerumani peke yake utapotea kidogo, maana kule msaada unatoka kwenye mti uliomea juu ya kaburi la mama, kiatu ni cha dhahabu, na dada wa kambo mmoja anajikata kidole cha mguu, mwingine kisigino, ili kiingie. Bayron anapindua mambo ya Perrault moja baada ya jingine, hasa habari za hao dada wa kambo, na asiyekumbuka kisa cha awali hataona kilichopinduliwa.

Kasoro zinaanza baada ya Sophia kutoroka dansini na kujificha katika kaburi la Cinderella, anakokutana na Constance, mzao wa ukoo ule ule. Constance mwenyewe ni mhusika mzuri, ana ulimi na ana ujasiri. Ila mapenzi yao yanaiva haraka mno, na Erin, tuliyefundishwa kumjali tangu mwanzo, anasukumwa pembeni. Mfalme Manford naye ni mwovu mtupu kila anapotokea; hatuoni akimshawishi mtu, anatisha tu, kwa hiyo mapambano naye yanapungua uzito.

Kiingereza cha riwaya hii ni chepesi: nafsi ya kwanza, wakati uliopo, sentensi fupi. Mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu ataimudu bila kamusi. Kwa walio chini ya miaka 13 ningesubiri, kwa sababu wanawake wanapigwa na kuuawa humu, na mwandishi hafichi.