Marekani na Ufaransa: njia mbili za kupambana na wizi wa kazi mtandaoni

Marekani, kwa sheria ya hakimiliki ya 1998 iitwayo DMCA, huanza na tovuti. Ukikuta filamu yako imepandishwa bila idhini, unatuma notisi. Tovuti ikiiondoa upesi, kwa kawaida haidaiwi fidia. Aliyeipandisha akipinga nawe usipomshtaki, inarudishwa ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi.

Ufaransa ilimfuata mpakuaji mpaka nyumbani. Sheria ya 2009 iliunda mamlaka ya Hadopi: onyo kwa barua pepe, la pili kwa barua ya rejesta, kisha mahakama. Awali mamlaka yenyewe ingeweza kumkatia mtu intaneti. Baraza la Katiba, chombo kinachokagua kama sheria zinafuata katiba, lilikataa Juni mwaka huo: intaneti inagusa uhuru wa kujieleza, hivyo mwenye kukata awe jaji. Naona walikuwa sahihi kabisa, maana laini moja hutumiwa na familia nzima. Adhabu hiyo ya kukatiwa intaneti ilifutwa 2013, ikabaki faini isiyozidi yuro 1,500.

Kwa msanii asiye na wakili, nachagua ya Marekani. Notisi anaiandika mwenyewe, ingawa inauma kazi iliyoondolewa leo ikipandishwa tena kesho.