Melisa kwenye ndoo hapa Malindi, uzoefu wangu

Naona watu wanauliza kama melisa inaota huku pwani na joto letu hili, ule mmea wa jamii moja na nanaa ambao majani yake yananukia limau. Inaota, tena vizuri, ila usifuate maandishi ya paketi. Paketi niliyonunua mimi imeandikwa panda kwenye jua kali, sasa hiyo labda ni sawa huko kwao kusini ya Ulaya, lakini jua la Malindi msimu wa kaskazi saa saba mchana linababua majani mpaka yanakauka pembeni. Zangu nimeziweka upande wa mashariki wa nyumba, zinapata jua la asubuhi tu kisha kivuli cha mwembe mpaka jioni, na mashallah zimestawi.

Mbegu ni ndogo mno na zinataka mwanga, kwa hivyo usizifukie, zimwage juu ya udongo uzibonyeze kidogo na kiganja halafu uwe unapulizia maji, ukimwagia na kopo zote zinasombwa. Subiri wiki mbili tatu. Ukishapata mche mmoja mbegu za nini tena, kata kitawi utie kwenye glasi ya maji kitatoa mizizi chenyewe. Mi natumia ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, udongo na samadi ya mbuzi, juu natandaza makumbi ya nazi unyevu usipotee.

Sasa matumizi, na hapa ndo nataka mnisikilize jamani, MSIICHEMSHE kama mchaichai! Mchaichai unavumilia sufuria, melisa harufu yake yote inaondoka na mvuke, unabaki na maji ya majani. Chukua konzi ya majani mabichi, yafikiche kidogo, tia kwenye birika, mimina maji yaliyotoka kuchemka na ufunike dakika kumi hivi, kufunika ni lazima. Kwenye juisi ya ndimu na tangawizi ni tamu ajabu, na samaki wa nazi nakatakata nanyunyiza nikishaepua. Kukausha sishauri, harufu karibu yote inapotea, bora ukate siku ya kutumia, na ukate juu kidogo ya majani mawili ndo shina lichipue matawi mapya.

Mamangu anakunywa kikombe usiku anasema kinamtuliza, na Ulaya wameitumia hivyo karne nyingi. Lakini kama uko kwenye dawa za usingizi au za tezi ya shingo muulize daktari kwanza.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya maji, maji ya kisima yenye chumvi haiyapendi kabisa, yangu inakunywa ya mvua na ya bomba. Kama kwenu ni kisima cha chumvi tu, omba kitawi kwa mtu ujaribu na maji ya mvua kabla hujatia pesa kwenye mapaketi.