Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa walezi wa watoto wenye ulemavu wa ukuaji: uzoefu wangu

Anayefundishwa hapa ni mlezi, na hilo ndilo lililonifanya niyapende. Kuna vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, kwa familia yenye mtoto wa miaka 2 hadi 9 mwenye usonji, ulemavu wa akili au anayechelewa kukua. Cheti cha daktari hakihitajiki. Mwezeshaji wetu alikuwa mhudumu wa afya ya jamii aliyepewa mafunzo, na alitosha kabisa.

Vikao vya mwanzo vinahusu kucheza na kufanya kazi za nyumbani pamoja. Unachambua maharage? Mpe naye beseni lake, kaa usawa wa macho yake, taja anachofanya kwa neno moja au mawili, kisha nyamaza umsubiri. Wengi tunaharibu kwenye kusubiri: tunamfululizia "hiki nini? sema maharage!", mchezo unageuka mtihani naye anaondoka. Akisema "maji", ongeza kidogo tu: "maji baridi".

Vikao vya tabia ngumu ndivyo vyenye faida kubwa. Unaangalia kilichotangulia, halafu alichopata baadaye. Akipiga kelele akaondolewa kazi, kesho atapiga tena. Kwa hiyo mfundishe ishara ya mkono ya "basi", na siku za mwanzo umkubalie papo hapo kila anapoitumia, la sivyo atarudia kelele. Lakini mtoto asiyesema akianza ghafla kujipiga kichwa, akaguliwe kwanza masikio, meno na kama amefunga choo. Na mwenye kifafa asiachishwe dawa kwa sababu ya mafunzo yoyote.

Kasoro zipo. Nauli ikipungua, ziara za nyumbani ndizo hukatwa kwanza, na bila ziara mwezeshaji haoni kwamba televisheni haizimwi na bibi, ambaye hakualikwa, anampa mtoto kila anacholilia. Uchovu wa mlezi mwenyewe uligusiwa kwa haraka mno.

Kubwa zaidi ni umri. Balehe, hedhi na huzuni ya kijana wa miaka 14 hazimo. Huyo apelekwe kliniki ya afya ya akili, ambako mara nyingi utaambiwa "ni ulemavu wake tu". Nenda na daftari la wiki mbili: usingizi, chakula, na shughuli alizozipenda ambazo sasa hazigusi. Muuguzi akiona mabadiliko yenye tarehe, jibu hilo linakuwa gumu kulitoa.