Drumsi za kompyuta au mpigaji wa kukodi? Uzoefu wangu wa studio ndogo Bagamoyo

Mwenye haraka asihangaike: drumsi za kizungu nachukua za kwenye kompyuta, ngoma natafuta watu. Studio yangu ni ya chumba kimoja, kadi ya sauti ina matundu mawili tu ya maiki, na wateja wangu wengi ni wa bongo fleva, kaswida na vikundi vya ngoma.

Kwa kiki (ngoma kubwa ya mguu), sneya (ile ya mlio mkali) na haihati (visahani viwili vinavyogongana), sampuli, yaani sauti zilizorekodiwa tayari, zimeniokolea hela nyingi. Mpigaji akija na drumsi zake anahitaji maiki nne kwenda juu na chumba kisicho na mwangwi. Changu kina vigae chini na kuta tupu. Haihati inaingia humohumo kwenye maiki ya sneya, na ikishaingia huitoi. Kwenye kompyuta kila kifaa kina njia yake.

Ila jiandae na bando. Programu ya drumsi ya Superior Drummer 3 ukiishusha yote inapita GB 200! Sauti halisi zinakula nafasi tangu zamani: LM-1 ya Roger Linn ya mwaka 1980, mashine ya drumsi ya kwanza sokoni iliyotumia drumsi halisi zilizorekodiwa, haikuwekewa hata simbali kubwa kwa sababu kumbukumbu ilikuwa ghali. Mimi natumia programu ya bure, nyepesi, na inanitosha. Kero yake ni kwamba drumsi zikipigwa mfululizo zinalia kama cherehani. Nguvu ya pigo kwenye MIDI, ile lugha ya kuiambia kompyuta ipige nini, inakwenda mpaka 127. Ukiacha mapigo yote kwenye 100, hata mtoto atajua ni mashine. Lazima ukae ushushe moja moja, na sneya uicheleweshe kidogo.

Kwa ngoma sampuli zimenishinda. Zile zinazouzwa kwa jina la ngoma za Kiafrika, ukizifungua unakuta djembe ya Afrika Magharibi. Msondo, ile ngoma ndefu, hamna; chapuo, ile ndogo, hamna. Kwa hiyo nikakodi wawili, mzee mmoja wa hapa mjini na kijana aliyepita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo: laki moja na nusu kwa wote, nusu siku, chakula juu yangu.

Maiki moja niliielekeza kwenye chapuo, nyingine chini ya msondo, kwenye uwazi, maana bezi inatokea huko. Tulipoanza na binti mwimbaji, mzee akavua hedifoni iliyokuwa ikimpigia mdundo wa kuhesabia. "Mwanangu, hiyo tiki-tiki yako inanifunga mkono. Mwache binti aimbe, mimi nitamfuata." Nikaizima. Wimbo ulianza kwenye kasi ya mapigo 104 kwa dakika, kiitikio kikapanda karibu na 108. Husikii kikipanda, ila mabega yanaanza kucheza yenyewe. Kuna mahali binti alivuta pumzi katikati ya mstari na chapuo ikanyamaza naye, kisha wakarudi pamoja. Hakuna aliyewapangia.

Taabu ya laivu hapa pwani ni ngozi. Unyevu wa bahari unailegeza. Waliikaza kwa moto wa makuti uani, lakini tukirekodi mara mbili tatu sauti inashuka, tunarudi tena motoni. Matokeo yake rekodi ya mwanzo na ya mwisho hazilingani, huwezi kukata huku ukaunganisha kule. Kukiwa na mstari wa kurekebisha, bora wimbo wote urudiwe ngoma ingali ya moto. Weka muda huo kwenye bei yako tangu mwanzo, na feni uzime, hata kama mtatoka jasho.

Mwenye wimbo alitaka utikise pia spika za harusini, kwa hiyo chini ya msondo nikaongeza kiki ya kompyuta. Gridi, ile mistari ya kompyuta ya kupanga mapigo kwa kasi moja, haikusaidia kitu hapo. Kila kiki niliisogeza kwa mkono ikae pale mzee alipopiga. Kwa kuwa kasi inapanda na kushuka, DJ akitaka kuuunganisha na wimbo mwingine atapata tabu, na hilo nilimwambia mwenye wimbo kabla hajanimalizia salio.