Kadi ya mzee ipo, dawa haipo: uzoefu wangu na dirisha la dawa la hospitali ya wilaya

Sina desturi ya kupeleka malalamiko hadharani, na nilikuwa nimekwisha kuamua kuliacha jambo hili lipite kama yalivyopita mengine, lakini kila ninapoikumbuka sauti ya kijana yule wa dirisha la dawa hasira inanipanda upya. Hospitali ninayoizungumzia ni ya wilaya, mali ya serikali, kusini mwa Tanzania. Sitaitaja jina, na sababu si woga: kadiri nilivyozidi kulifuatilia suala hili ndivyo nilivyozidi kushindwa kuamua kama aliyenikosea ni hospitali au ni mtu mwingine aliyejificha nyuma yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa masika. Mama yangu, ambaye amekwisha kuvuka miaka sabini na ana sukari pamoja na shinikizo la damu, alikuwa na siku yake ya kliniki, nami nikaamua safari hii nimsindikize mwenyewe badala ya kumwachia mjukuu wake. Alikuwa na kadi yake ya matibabu bila malipo aliyopewa na halmashauri, ameitia kwenye mfuko wa plastiki na kuifunga kwenye pindo la khanga. Ukutani pale mapokezi kulikuwa na tangazo linalowataka watu wampishe mzee apate huduma kwanza, na nitasema ukweli hata kama unanipunguzia makali: walimpisha. Muuguzi alimwamkia, akamkalisha, akampima, na daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba avue viatu akaitazama miguu yake kidole kwa kidole, jambo ambalo katika hospitali za kulipia nilizowahi kumpeleka sijaliona likifanywa kwa makini namna ile. Kama huduma ingeishia kwenye mlango wa chumba cha daktari, ningeandika sifa tupu.

Haikuishia pale. Dirisha la dawa la hospitali hiyo ni tundu dogo lenye nondo, limewekwa chini kiasi kwamba anayetaka kuzungumza na aliye ndani lazima ainame, na mama alipoinama, magoti yakimsumbua, kijana aliyekuwa ndani aliendelea na simu yake. Mama akangoja shikamoo. Haikuja. Kijana akaichukua karatasi, akapiga mstari juu ya metformini, dawa yake ya sukari, akapiga mwingine juu ya amlodipini, ya shinikizo la damu, akamsukumia paketi ya vidonge vya maumivu ambavyo ndivyo pekee vilivyosalia kwenye orodha, akasema, "Hizi mbili hamna. Duka liko hapo ng'ambo."

Nikasogea, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Samahani, daktari, zinatarajiwa lini ili tujipange?"

Akajibu macho yakiwa bado kwenye simu: "Muulize aliyewapa kadi."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kijana hakutukana wala hakupaza sauti, na pengine alipofika nyumbani jioni hakukumbuka hata kwamba aliisema. Lakini aliisema mbele ya mama yangu na mbele ya foleni nzima, na alimaanisha kwamba sisi wenye kadi ni wageni wa mtu mwingine pale dirishani. Mama alinishika mkono akasema, "Twende, baba, tusiwasumbue." Tukavuka barabara. Duka lililo mkabala na lango lilikuwa na dawa zote mbili, tena za viwanda viwili tofauti ukitaka kuchagua, na muuzaji alimwamkia mama kabla hata hatujaketi.

Usiku ule ndipo nilipogundua jambo ambalo ndilo hasa linalonifanya niandike. Nilipokuwa nikimpangia dawa zake nilikuta kopo la zamani likiwa na vidonge ambavyo vilipaswa kuwa vimekwisha siku nyingi. Nilipomuuliza, alinieleza kwa utulivu kabisa kwamba huwa anameza leo, kesho anaruka, kwa kuwa dirishani humwambia mara kwa mara kwamba hamna na hataki kuniongezea gharama. Daktari aliyeitazama miguu yake kwa uangalifu ule hakuwa na habari hiyo, naye pengine anapandisha dozi kwa sababu anaona sukari haishuki.

Basi nikafanya kama nilivyoagizwa: nikaenda kumuuliza aliyetupa kadi.

Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ndiyo inayoshughulika na utambuzi wa wazee. Bibi mmoja mpole aliniambia kwamba kazi yao ni kumtambua mzee asiye na uwezo aliyefikisha miaka 60 na kumpatia kitambulisho. Dawa si jukumu lao, niende hospitalini. Hospitalini, mganga mfawidhi alinipokea vizuri, akaniambia kwamba dawa huagizwa Bohari ya Dawa, yaani MSD, na kama MSD haijaleta, yeye hana la kufanya. Nikauliza nani anayeiuliza MSD. Akasema Wizara ya Afya. Nikauliza nani anayeiuliza hospitali. Akatabasamu, akasema hospitali za wilaya ni za halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kwa hiyo dawa ni ya wizara moja, jengo na watumishi ni vya ofisi nyingine, kadi ni ya idara ya tatu, na mgonjwa ni wangu.

Hapo nilikuwa tayari kuandika kwamba hospitali haifai kitu. Ningeandika na kusambaza siku hiyo hiyo, kama nisingekutana na mfamasia wa hospitali, mwanamke wa makamo, ambaye aliniita pembeni nilipokuwa natoka, akaniambia kwamba jibu la "MSD haijaleta" si jibu kamili, na yeye amechoka kulisikia.

Alinifafanulia hivi. MSD ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, na vituo vya umma vinatakiwa kuanza kuagiza dawa kwake. Inapokuwa haina dawa fulani, hutoa taarifa kwamba haipo, na kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani mfanyabiashara binafsi aliyeteuliwa mkoani kwa bei zilizokubaliwa. Utaratibu huo ulianza kwa majaribio Dodoma mwaka 2014 kabla ya kusambazwa mikoa mingine. Metformini na amlodipini zimo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu, si dawa za kubabaisha wala za anasa. Kwa hiyo njia ya kuzipata ipo hata ghala la MSD likiwa tupu. Kinachokosekana ni fedha, na fedha hazipo kwa sababu ambayo mimi, pamoja na kusoma magazeti kwangu kote, sikuwahi kuiwazia.

Uchangiaji wa gharama katika hospitali za umma ulianza mwaka huo huo wa 1993. Tangu hapo hospitali hununua sehemu ya dawa zake kwa fedha zinazolipwa dirishani na zinazotoka kwenye bima. Wakati huo huo Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaagiza kwamba wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, agizo jema ambalo sitalipinga hata kidogo. Ila hakuna anayeirudishia hospitali thamani ya dawa waliyoitumia watu hao. Kila mwenye msamaha anayepewa dawa anapunguza fungu ambalo ndilo litakalonunua dawa za mwezi ujao. Kwa maneno ya mfamasia yule, ambaye alisema nikiyaandika nisimtaje, "Mama yako hapa ni haki kwenye karatasi na hasara kwenye hesabu." Serikali imefanya kama mwenye nyumba anayewaalika watu karamuni kisha akamwachia mpishi atafute mchele.

Baada ya mazungumzo hayo nilijikuta namhurumia kijana wa dirishani. Kutwa nzima anawaambia wazee hamna, kwa niaba ya watu ambao hawajawahi kusimama kwenye tundu lile, na huenda "muulize aliyewapa kadi" lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyopewa siku zile. Kweli kabisa: aliyetoa kadi ndiye mwenye deni. Nikaamua kumfutia lawama.

Nikadumu katika msamaha huo kama juma moja hivi, mpaka nilipomsindikiza jirani kwenda kumwona mgonjwa wake aliyelazwa, nikamwona kijana yule yule akizungumza kwa unyenyekevu mkubwa na mtu aliyevaa kitambulisho cha bima ya watumishi shingoni. Aliinuka kitini. Akamweleza kwamba dawa aliyoandikiwa imekwisha, akamshauri arudi kwa daktari abadilishiwe, akamwandikia hata namba ya simu ya kuulizia. Kumbe anajua kueleza! Upungufu wa fedha haukumzuia kumwambia mama yangu maneno hayo hayo, wala hakuna sera iliyomkataza kumwamkia. Nikairudisha lawama yake yote, na safari hii nikaiongezea kidogo.

Lakini mwenye kadi akimlalamikia, atamlalamikia wapi? Kisanduku cha maoni kilichopo ukumbini kina kufuli lenye kutu. Ipo kisheria bodi ya huduma za afya ya halmashauri yenye wawakilishi wa wananchi, ambayo kazi yake ni kusimamia mambo kama haya kwa niaba yetu. Niliwauliza wahudumu, nikamuuliza mganga mfawidhi mwenyewe, wanitajie mwananchi mmoja tu aliyemo katika bodi hiyo. Hakuna aliyeweza. Ubaoni palikuwa na bei za vipimo na ratiba ya zamu, lakini jina la mtu wa kumfuata hapakuwa. Mwaka baada ya mwaka ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutaja upungufu wa dawa katika baadhi ya vituo, na dawa zilizokwisha muda wake zikiwa zimerundikana kwingine. Zinasomwa bungeni, magazeti yanaandika siku mbili tatu, na dirisha linaendelea kupiga mistari juu ya karatasi.

Mnisamehe nikigusa nyota, maana huu ni uzoefu wa huduma na watu watataka kujua natoa ngapi. Serikali yenyewe ilianza mwaka 2015 kuvipima vituo vya afya kwa nyota, kuanzia sifuri mpaka tano, lengo likiwa kila kituo kifike walau tatu, na katika upimaji wa kwanza sehemu kubwa ya vituo haikufika. Ulikuwa mpango wa kiungwana, kwa sababu mkubwa alikubali kupimwa. Ila kilichopimwa ni kituo. Hakuna aliyempa nyota mtu aliyeahidi matibabu bila malipo pasipo kutenga fedha za kuyalipia, na mimi nikitaka kutoa haki siwezi kuweka nyota moja kwa wote. Daktari na muuguzi ningewapa nne bila kusita. Mfamasia ningempa tano kwa ukweli wake, ingawa bado najiuliza kwa nini ukweli huo unasemwa pembeni na si kwenye ubao wa matangazo. Dirisha, moja, na hiyo moja ni kwa kuwa lilinionyesha duka lilipo.

Nimeambiwa na wenzangu kwamba mambo yatabadilika kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na wasio na uwezo watalipiwa michango. Ikiwa michango ya mama yangu italipwa kweli, basi hospitali itakuwa na sababu ya kumfurahia anapoinama dirishani, kwa sababu atakuwa amekuja na fedha zake. Ikiwa italipwa. Ahadi ni deni, na deni hili nimeona namna linavyodaiwa kwa mtu asiyehusika.

Kwa sasa nimeandika barua kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, nikitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa siku thelathini kunijibu. Nimeuliza dawa za sukari na shinikizo la damu ziliagizwa lini mara ya mwisho na kwa kiasi gani, kama hospitali ilikwenda kwa mshitiri MSD ilipokosa, thamani ya dawa zilizotumiwa na wenye msamaha mwaka wa fedha uliopita, na nani aliyeilipa. Nimeomba pia majina ya wajumbe wa bodi. Karani wa masjala aliigonga muhuri wa kupokelewa, akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kumpatia nakala, kwa sababu baba yake pia ana kadi.