Hema la oksijeni la kupuliza: kwa donda ndugu, hapana

Mahema haya yenye zipu ndefu na kompresa pembeni, ambamo mgonjwa hulala akivuta hewa iliyoshindiliwa, sasa hunadiwa hata kwa wagonjwa wa sukari wenye vidonda vya mguu. Marekani yaliidhinishwa kwa ugonjwa wa milimani, unaowapata wapanda milima. Kwa nyama inayooza kwa kasi tunayakataa kabisa.

Tatizo ni presha. Hema hufika atimosfia 1.3 tu (atimosfia 1 ni presha ya hewa ya kawaida pwani), wapiga mbizi wa Mombasa wataelewa, ni kama kuteremka mita 3 baharini. Chumba cha chuma cha hospitali hufika 2 hadi 3, sawa na mita 10 hadi 20, na mgonjwa huvuta oksijeni tupu. Hapa pwani, hewa ya kawaida ndani ya hema ni sawa na kuvuta oksijeni ya asilimia 27 nje yake. Ukiongeza barakoa ya mashine ya oksijeni, bado hufikii nusu ya oksijeni ya chumba cha atimosfia 3. Na bakteria wa gangrini ya gesi, yaani donda ndugu lenye kasi linalojaza viputo vya gesi kwenye nyama, huacha kutengeneza sumu yao iitwayo alfa pale tu presha ya oksijeni inapofika karibu milimita 250 za zebaki palepale walipo, ndani ya nyama iliyovimba na kukosa damu.

Tiba ya chumba kwa gangrini hii ilianza kutumika Amsterdam mwaka 1961. Ratiba yake ni nzito: atimosfia 3 kwa dakika 90, mara 3 katika saa 24 za kwanza, kisha mara 2 kwa siku, siku 4 hadi 5. Katikati huwekwa mapumziko ya dakika 5 ya hewa ya kawaida, maana oksijeni ikizidi huleta degedege. Sukari hupimwa kabla ya kuingia, kwa kuwa hushuka humo ndani. Mafuta ya nazi mwilini, simu na kiberiti ni marufuku: moto.

Hata hivyo kisu ndicho kinachotangulia. Daktari hukata nyama iliyokufa mpaka penye kutoka damu na misuli inayoshtuka ikiguswa, hukagua tena ndani ya saa 24, huku penisilini na klindamaisini zikipita mshipani. Upasuaji usingojee chumba.

Maumivu yakizidi kidonda kinavyoonekana, malengelenge yakiwa meusi, au ukibonyeza ukahisi viputo chini ya ngozi, chora mstari wa kalamu ukingoni mwa uvimbe, andika saa, na uondoke kwenda hospitali wakati huohuo. Ukitoka Likoni, foleni ya feri nayo uihesabu.